Pasipoti Nne Ndani ya Kabati Langu

Wambui, mjukuu wa dada yangu, amepata kazi ya ofisi hapa Eldoret. Ni idara ya wafanyakazi, kama mimi zamani, ila yeye ana kompyuta na kiti kinachozunguka. Wiki yake ya kwanza tu aliambiwa akusanye pasipoti za wageni wote wanaofanya kazi pale kampuni na kuziweka mahali pamoja. Jumamosi akaja kwangu Kimumu na swali la kikarani kabisa: "Shosho, nizipange kwa majina ama kwa namba?"

Nilikuwa nakoroga uji. Nilimjibu kwa ukali mpaka paka akatoka nje. Nilimwambia Jumatatu asubuhi, kabla hata hajavua koti, azirudishe zote kwa wenyewe. Maskini alishtuka, kwa sababu alidhani nitamsifu. Akauliza kwa nini, na jibu likachukua mchana mzima, na uji ukaungua.

Ndiyo maana ninaandika. Wambui si peke yake. Mko wengi mnaoingia ofisini sasa na vyeti vyenu vizuri. Mkubwa anasema fanya hivi, nanyi mnafanya, tena kwa unadhifu, bila kujiuliza hicho mnachokifanya ni kitu gani. Nawajua kwa sababu nilikuwa hivyo hivyo. Na wengine wenu mnajaza fomu za kwenda kufanya kazi Uarabuni, kwa hivyo mtakaa upande ule mwingine wa meza. Someni wote, hata kama mnamwona huyu mama kuwa mkali.

Nilikuwa karani wa wafanyakazi katika kiwanda cha masweta kwa miaka thelathini na miwili. Kama ulisoma shule yoyote ya huku kwetu na baridi ya Julai ikakupata, huenda sweta yako ilipita kwetu. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Barasa, karani mkuu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kiwanda. Barasa hakuwa na maneno matamu. Ukimuuliza jambo mara mbili alikuwa anakutazama juu ya miwani mpaka unakumbuka mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza nilimletea aibu kubwa. Pale kiwandani tulikuwa na Joseph Kipruto watatu. Mimi, kwa akili zangu, niliona ni mtu mmoja mwenye karatasi nyingi, nikawaunganisha kwenye faili moja. Mmoja wao alikuwa anakuja shifti ya asubuhi akiwa amelewa. Mwingine alikuwa shemasi kanisani. Barua ya onyo ya ulevi ikamfikia shemasi, naye kwa unyenyekevu akaipeleka nyumbani ili aombe juu yake. Mkewe akaisoma kwanza. Alienda kwa mamake siku nne. Barasa alinipeleka mimi mwenyewe hadi kwa huyo mama mkwe nikaeleze, nikiwa nimebeba faili mkononi, na yule mzee wa nyumba akanicheka mpaka akatoa machozi. Tangu siku ile sijawahi kuandika jina la mtu kabla sijaandika namba yake ya kitambulisho.

Sheria ya Barasa ilikuwa moja. Karatasi ya mtu ikiingia mkononi mwako, andika. Ikitoka, andika. Usipoandika imetoka, basi wewe ndiye umeiiba. Niliisikia sheria hiyo labda mara elfu, na mtaona jinsi nilivyoivunja bila hata kugundua.

Sasa lazima mjue jambo moja kunihusu, la sivyo mtadhani nilikuwa mtu mbaya tu. Mimi ni mtoto wa Burnt Forest. Wazazi wangu walitoka Murang'a wakaja kulima viazi na kufuga ng'ombe, na huko ndiko nilikoolewa na kuzaa. Mwaka ule wa fujo baada ya uchaguzi nyumba yetu ilichomwa. Jirani Mkalenjin alituficha siku mbili, kisha tukatoka na blanketi na sufuria moja. Kila karatasi tuliyokuwa nayo iliungua: kipande changu cha kitambulisho, na cha mume wangu, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya shamba. Mkurugenzi wa kiwanda, aliyekuwa anatuajiri sote, alitupa stoo ya nyuma tukalala humo mwezi mzima, mimi, mume wangu na watoto wanne. Alinunua magodoro. Sitasahau hilo, na sisemi uongo nikisema nilimpenda yule mtu kama ndugu.

Halafu nikaanza safari ya kujithibitisha. Nyinyi hamjui kusimama mbele ya meza na kuambiwa na mtu anayekula njugu kwamba hakuna kinachoonyesha kuwa wewe ni wewe. Waliniambia nilete barua ya chifu. Chifu mwenyewe alikuwa amekimbia. Njeri, mtoto wangu wa kwanza, alikaribia kukosa kusajiliwa mtihani. Nilirudi kazini na wazimu mmoja: karatasi ya mtu isikae nyumbani. Nyumba inaungua. Nilimsumbua mkurugenzi mpaka akanunua kabati la chuma, zito, la kijivu, lenye funguo mbili. Ufunguo mmoja alikaa nao yeye, mwingine nikauvaa shingoni.

Miaka miwili na nusu hivi kabla nistaafu, kiwanda kilileta mashine mpya za kufuma, na mafundi wanne wa kuzitunza wakatoka Sri Lanka. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Mkubwa wao aliitwa Nimal, mtu mwembamba wa miaka kama arobaini, vidole virefu vya kuingia kila mahali. Kiswahili alifundishwa na akina mama wa mashine, kwa hivyo alikijua vile wanavyokiongea wao kwa wao. Siku ya kwanza alipokutana na mkurugenzi kwenye korido alimwambia, "Sasa, mrembo." Kiwanda kizima kilijificha nyuma ya marobota ya uzi kucheka.

Walipangiwa nyumba mtaa wa West Indies, hapa Eldoret. Nilienda kuwapelekea mablanketi, na nilipoingia jikoni nikaona pasipoti nne juu ya friji, kando ya mkate. Mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli ya kufunguliwa kwa kijiko. Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi nilienda moja kwa moja kwa mkurugenzi, nikamwambia tuwawekee hati zao katika kabati.

Nataka msome hapo polepole. Hakuna aliyenituma. Wazo lilikuwa langu.

Mkurugenzi alifurahi. "Mama Njeri, hiyo ni aidia safi sana. Lakini mtu asichukue bila mimi kujua, sawa?"

Niliona hiyo ni usalama juu ya usalama. Nikawaita mafundi, nikawaeleza habari za moto na wezi, nao wakanipa kwa moyo mweupe. Ruwan, mdogo kuliko wote, alisema hata asante. Nilichukua kitabu kipya, nikapiga mistari kwa rula: namba ya pasipoti, jina, tarehe ya kupokelewa, sahihi ya mwenyewe. Kazi safi. Barasa alikuwa ameshastaafu wakati huo, la sivyo angetazama ule ukurasa juu ya miwani na kuniuliza safu ya kutoka iko wapi. Kulikuwa na safu ya kupokea tu. Mimi, mwanafunzi wake, nilitengeneza mlango wa kuingia bila wa kutoka, na sikuona.

Muda ulipita bila shida. Walipohitaji pasipoti benki, nilikwenda nayo mimi mwenyewe, nikasimama kando ya fundi kama mama anayempeleka mtoto kliniki. Sasa nikikumbuka naona haya. Mtu mzima, fundi aliyeacha bibi na watoto nyumbani, anasimama kaunta akisubiri mama wa ofisi amtolee kitabu chake kwenye mkoba.

Mkataba ukabakisha wiki tano. Nimal akaja ofisini akiwa na grisi hadi kwenye viwiko. Bibi yake alikuwa na shida ya moyo, na hospitali ya kwao ilikuwa imepanga siku ya upasuaji. Wana mabinti wawili wadogo na hakuna mtu mwingine. Kwa bahati, mkataba wake ungeisha siku kumi kabla ya upasuaji. Alitaka pasipoti tu, ili akate tikiti.

"Mama, mimi nataka kitabu yangu," alisema. "Naenda nyumbani. Bibi iko mgonjwa."

Nilimpa pole, nikaenda kwa mkurugenzi nikidhani ni jambo la dakika mbili. Mkurugenzi hakunitazama. Alikuwa na oda za shule za mwezi wa Januari, mashine mbili zilikuwa zinasumbua, na fundi wa kuzielewa alikuwa Nimal peke yake.

"Mwambie iko Nairobi kwa imigresheni," alisema.

"Lakini haiko Nairobi, mzee."

"Mama Njeri. Mwambie iko Nairobi."

Nikarudi, nikakaa kwenye kiti changu, nikamwambia Nimal iko Nairobi. Nitawaambia ukweli: haikuwa vigumu. Mdomo ulifunguka na maneno yakatoka, na nilikuwa nimeshika stepla mkononi kama siku nyingine yoyote. Akarudi baada ya wiki, nikamwambia bado hawajamaliza. Akarudi mara ya tatu, siku ya Jumanne. Alikuwa amechoka sana, akauliza kama anaweza kukaa. Akavuta kiti akaegemeza mgongo kwenye lile kabati la chuma, kwa sababu ofisi yangu ilikuwa ndogo na hapakuwa na mahali pengine. Akaniambia binti yake mkubwa, mwenye miaka tisa, ndiye anayempikia mamake sasa. Akauliza, "Wiki hii itakuja, Mama?"

Nikasema, "Wiki ijayo." Kitabu chake kilikuwa nusu futi nyuma ya mgongo wake.

Aliondoka, na mimi nikashindwa kunywa chai. Nilimchukia mkurugenzi kwa dakika kama tano, kisha nikakumbuka magodoro. Kisha nikajichukia mimi, na hiyo ilidumu zaidi.

Jioni hiyo nilipita kwa Mzee Barasa. Anakaa Kimumu pia, barabara mbili kutoka kwangu. Nilimkuta jikoni anamenya viazi, kwa kuwa mkewe alikuwa ameenda mazoezi ya kwaya. Nilimweleza yote. Hakuinua kichwa.

"Pasipoti iko Nairobi?" aliuliza.

"Iko kwa kabati."

"Kabati ya nani?"

"Yangu."

Akaweka kisu chini. Akaanza kunieleza habari za babake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote tuliyokaa ofisi moja. Babake alikuwa kibarua katika shamba la ngano la mzungu upande wa Moiben, wakati wa kipande cha kwanza, kile cha kuning'iniza shingoni ndani ya kibati.

"Mzungu ndio anaandika siku umeanza kazi," alisema, "na ndio anaandika siku umemaliza. Asipoandika umemaliza, huwezi andikwa mahali ingine. Ukitoka tu, unashikwa. Ndugu ya baba alikufa huko Kakamega. Baba akaomba aende azike. Mzungu alikuwa anavuna. Hakuandika."

"Hakuzika?"

"Hakuzika." Alichukua kiazi kingine akakitazama. "Na unajua, baba alikuwa anasema huyo mzungu hakuwa mtu ya kelele. Hata hakuwa anashika hizo karatasi. Alikuwa na karani. Mtu yetu, msafi, mwandiko mzuri. Huyo ndio baba alikuwa anachukia."

Hakuniambia la kufanya. Aliendelea na viazi vyake, na mimi nikaenda nyumbani nikiwa nimeshika ufunguo wa shingoni ndani ya ngumi.

Asubuhi ya Jumatano nilifika kazini kabla ya wote, nikafungua kabati, nikatoa pasipoti ya Nimal na kuisoma. Nilikuwa nimekaa na kile kitabu karibu miaka miwili. Nilijua namba yake kwa kichwa, nilijua siku ya kuisha, lakini maandishi madogo ya ndani sikuwahi kuyasoma. Yalisema kitabu ni mali ya serikali iliyokitoa. Hayakutaja mwajiri mahali popote. Hayakutaja kabati.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipo. Ningeweza kumpa Nimal kitabu kimya kimya, nyuma ya choo, akatoroka. Wengi wangefanya hivyo, na kesho yake mkurugenzi angesema pasipoti imeibwa, askari wangemtafuta fundi, na wale wengine watatu wangebaki wamefungiwa. Hati iliyochukuliwa mchana irudishwe mchana, kwa kitabu, na watu wakiona. Nilichukua rula. Nikapiga mstari mpya pembeni ya ukurasa, nikaandika juu yake "Imerudishwa kwa mwenyewe." Kisha nikatoa fotokopi ya mikataba yao na vibali vyao vya kazi. Nikaandika barua mbili, moja kwa ofisi ya leba inayosimamia ajira, moja kwa imigresheni, nikieleza kwamba hati zilikuwa kwangu, tangu siku gani, na kwamba nazirudisha leo. Barua zote niliziwekea sahihi yangu. Nilimtuma Kiptoo, askari wa lango, azipeleke mjini na arudi na muhuri wa kupokelewa kwenye nakala. Alirudi nazo kabla ya saa nne.

Saa nne, wakati wa chai, mlango ukiwa wazi na akina mama wa mashine wakipita na vikombe vyao, niliwaita mafundi wote wanne. Kiptoo nilimweka pale kama shahidi. Akasimama wima kama yuko kwenye paredi, na kofia kichwani.

Nilianza na Nimal. Nilimwekea kitabu mbele yake.

Alikitazama. "Mama, imetoka Nairobi?"

"Hapana. Ilikuwa hapa."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Aligeuka akatazama kabati, akatazama kile kiti. "Ile siku mimi nakaa hapa?"

"Ilikuwa nyuma ya mgongo wako, Nimal. Nilikudanganya mara tatu. Nisamehe."

Hakusema ananisamehe. Alichukua kalamu akatia sahihi, na alikandamiza sana mpaka ncha ikatoboa karatasi. Wawili waliofuata walitia sahihi haraka haraka, wakaficha vitabu ndani ya mashati. Ruwan alisaini vizuri, akakichukua chake, kisha akanirudishia kwa mikono miwili.

"Wewe weka, Mama. Kwako ni salama."

Hapo ndipo nilipolia. Nilimwambia hapana, nunua kufuli nzuri, nitakuonyesha duka. Mtu akikuamini hivyo ndipo unapaswa kuwa mkali zaidi na mikono yako mwenyewe.

Mkurugenzi alikuwa ameshapata habari. Akaingia, na watu wakamwaga chai wakikimbia.

"Mama Njeri, nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna, mzee."

"Huyu akienda, mashine nani atatengeneza?"

"Sijui. Lakini bibi yake anaingia upasuaji, na mkataba unaisha wiki ijayo. Umeandikwa hapa."

"Nitapiga simu airport. Hatapanda ndege." Kisha akapunguza sauti, na hiyo iliniuma kuliko kelele. "Mimi nilikupa mahali pa kulala. Wewe na watoto wako. Umesahau?"

"Sijasahau," nilisema. "Na ungenifungia kwa hiyo stoo, hungekuwa umenipa mahali pa kulala." Nikamsogezea nakala za barua zenye muhuri. "Leba wamepokea. Imigresheni wamepokea. Ukipiga simu, utawaambia nini?"

Alisoma barua zote mbili akiwa amesimama. Alizisoma hadi mwisho, akaziweka, akatoka. Hakupiga simu yoyote. Baadaye ofisa wa leba aliniambia kwamba kuzuia hati ya mtu ili asiondoke ni kosa la jinai, na kwamba kama ningekaa kimya, jina langu lingekuwa kwenye mashtaka, kwa sababu kitabu chenye mwandiko kilikuwa changu.

Nilikuwa nimebakisha miezi saba nistaafu. Nilihamishiwa stoo, nikaimaliza nikihesabu koni za uzi, nimevaa masweta mawili kwa baridi. Walinipa kikombe na kitabu cha sahihi za wenzangu siku ya kuondoka, na mkurugenzi hakuhudhuria. Nilisikia vibaya. Hata leo nikikutana na gari lake barabarani natamani asimamishe, na hasimamishi.

Kwa hivyo nyinyi wa ofisini, fanyeni hivi. Mwite mwenye hati, akae kwenye kiti mbele yako, ufotokopi ukurasa wa picha na ukurasa wa kibali akiona, umrudishie kabla hajasimama. Andika siku ya kuisha kwa kibali kwenye kalenda, miezi mitatu mapema, kwa sababu kibali kikiisha anayeshikwa barabarani ni yeye, si wewe. Siku hizi maombi mengi yanafanywa kwa kompyuta, kwa hivyo hata kisingizio cha kupeleka kitabu Nairobi kimepungua. Na ikibidi kitumwe, mpe mwenyewe barua yenye tarehe na jina la aliyekichukua. Na nyinyi mnaokwenda ng'ambo, mtu akikuambia nipe nikuwekee, mwulize nikitaka saa hii utanipa? Usikilize jibu, halafu utazame uso wake. Piga picha ya kila ukurasa umwachie mamako. Mjue simu ya ubalozi kwa kichwa, maana simu yako nayo inaweza kuwekwa kabatini.

Nimal alifika kwao kabla ya upasuaji. Hilo nililipata kwa Ruwan, aliyebaki hapa na sasa ana karakana yake na kibali chake. Bibi alipona, na binti mkubwa amerudi shule. Nimal hajawahi kuniandikia, na simdai salamu.

Kuna jambo la uwanja wa ndege ambalo sikumwambia hata Wambui. Siku ya safari nilimsindikiza Nimal hadi pale Eldoret airport, nikiwa na bahasha ya nakala zote, nikiogopa mkurugenzi amebadilisha nia. Njia nzima hakuongea nami. Mlangoni alisimama askari wa usalama, msichana wa rika lenu, kofia imemshinda ukubwa. Akanyoosha mkono apewe pasipoti. Nimal akaitoa, akamnyooshea, msichana akashika, na Nimal hakuachilia.

Msichana akavuta kidogo. Nimal akashika kwa mikono miwili. Si kwamba alitaka kugombana. Nilimwona uso, alikuwa anajaribu kufungua vidole na vidole vilikataa. Watu wakaanza kupanga foleni nyuma yetu. Mwanamume mmoja akasonya.

"Kaka, niachie nione tu," msichana alisema.

Nikafungua mdomo nimwambie Nimal: mwachie, atakurudishia. Nikaona siwezi kumwambia hivyo. Kati ya watu wote duniani, mimi sikuwa na haki ya kusema hayo maneno kwake. Nikaikumbatia bahasha yangu ya nakala.

Msichana alinitazama mimi, akamtazama yeye. Sijui aliona nini. Akaondoa mkono wake.

"Basi shika wewe," alimwambia. "Nifungulie hapo kwa picha."

Nimal akafungua. Msichana akainama, mikono nyuma ya mgongo, akasoma jina, akalinganisha picha na uso, akamwomba ageuze ukurasa, akasoma kibali. "Sawa. Safari njema." Nimal akapita. Dakika moja, na kitabu hakikutoka mikononi mwa mwenyewe.

Nimeshika karatasi za watu miaka thelathini na miwili, na sikuwa nimejua kwamba inawezekana.